Jogoo wa Bi Somoe na Jeshi la Wimbi Moja

"Kichwa kimeangukia kwako na kiwiliwili kimebaki kwangu," Bi Somoe alikuwa anasema, kamshika miguu jogoo ambaye bado alikuwa anapiga mabawa bila kujua kwamba yamekwisha, "kwa hiyo usiniletee habari za upepo. Upepo hauna wembe."

Upande wa pili wa ukuta, Fundi Chilongani alikuwa kakinyanyua kichwa cha jogoo kwa kile kilemba chake chekundu, anakitazama kana kwamba chenyewe ndicho kitatoa hukumu. Alijibu kwamba jogoo aliyelelewa vizuri hapandi ukutani wakati helikopta inashuka. Akasema alipiga kelele mara tatu. Akasema tena kwamba ukuta ni wa wote wawili, lakini anga iliyo juu ya ukuta ni ya mwenye kurusha, na jogoo hakuwa na rimoti.

Mtaa ulikuwa umeshajaa. Tulikuja na vigoda vyetu, maana ugomvi wa hawa wawili si wa kuutazama umesimama, unaumwa kiuno.

Kwa wasiowajua: Bi Somoe ni mjane, na kazi ya mikono yake ni mashua ndogo za mbao, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima, ina mota tumboni na antena mgongoni, anaiendesha kwa rimoti. Fundi Chilongani anatengeneza redio, na mabaki ya redio huyageuza helikopta, ukubwa wa bata bukini. Nyuma ya nyumba zao kuna shimo la zamani la kokoto lililojaa maji ya mvua. Kila Jumapili mashua zilikuwa majini na helikopta juu yake, na mchezo wao ulikuwa mmoja tu, helikopta itue juu ya mashua inayokwenda. Miaka kumi na moja haikutua. Fundi alisema mashua inakata kona kama mlevi. Bi Somoe alisema mlevi yuko angani. Jumapili iliyofuata wote wawili walikuwepo tena, wa kwanza kufika akimlaani mwenzake kwa kuchelewa.

Sasa sikilizeni desturi, kwa sababu bila desturi hadithi hii haina miguu. Nchini kwetu, ukila nyumbani kwa mtu, chumvi yake imekufunga kinywa. Huwezi kusimama mbele ya hakimu ukamshuhudia ubaya, mpaka kaburini. Wazee waliiweka ili majirani wasishtakiane kila kukicha. Serikali ilipoisikia ikaipenda kuliko sisi, ikaiandika, ikaiita Sheria ya Chumvi, na mwaka huohuo ikaanzisha Pilau la Taifa. Kila raia kijiko kimoja, kila sikukuu, na karani mwenye daftari akikuwekea alama ya vyema ukishameza. Tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kuishuhudia serikali ubaya, na redio hutukumbusha kwamba huo ndio ushahidi kuwa ubaya haupo.

Nyumba ya Bi Somoe haikuwahi kukosa watu. Alipikia aliowajua, na waliopita wakanusa. Mtaa mzima umekula kwake. Aliyebaki ni mmoja tu, wa ng'ambo ya ukuta. Fundi hali kwa Bi Somoe, asije akaipoteza kesi yake ya antena iliyokanyagwa. Bi Somoe hali kwa Fundi, kwa ajili ya kesi ya kamba ya nguo iliyokatwa. Kila mmoja aliitunza kesi yake kama mtungi wa maji, na siku ile ya jogoo mtungi wa Bi Somoe ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

*

Mtu mmoja, simtaji, na kwetu kuipasha serikali habari ni adabu tu, alikwenda kusema kwamba chombo cha anga kimemwua mkazi wa mtaa. Malori matatu ya askari yalifika kabla damu haijakauka. Kwa mujibu wa taratibu walianza kwa kuwapiga watu kumi wa kwanza waliowakuta, kisha wakauliza kuna nini.

Ndipo akashuka Admirali-Jenerali Mchelema.

Nchi yetu haina bahari. Haijawahi kuwa nayo. Ina maadmirali mia nne na kumi na wawili, kwa sababu bahari imo kwenye wimbo wa taifa, na wimbo ukishaimbwa lazima uwe na watumishi. Mwaka ule, kwenye mkutano wa marais, Mtukufu Baba wa Mawimbi na Mawingu aliulizwa ana manowari ngapi. Alijibu kwamba ni siri. Rais aliyeketi karibu naye akacheka, Mtukufu akampiga na kipaza sauti, akarudi nyumbani na mkono ulioteguka na agizo moja: meli na ndege zipatikane kabla ya sikukuu.

Basi Admirali Mchelema alipoziona mashua za Bi Somoe zimepangwa uani, na helikopta mikononi mwa Fundi, pangaboi la juu bado linachuruzika damu, aliondoa kofia akatokwa na machozi. Akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Wananchi," alisema, "bahari ni nini? Bahari ni maji yaliyopewa heshima."

Shimo la kokoto likapewa heshima alasiri ileile. Lilizungushiwa seng'enge, likaitwa Bahari Kuu, na kwa sababu bahari lazima iwe na chumvi, wakamwaga magunia mia mbili. Kufika magharibi samaki wote walikuwa wamegeuza matumbo juu. Mzee mmoja aliuliza tutateka wapi maji ya kufulia. Akaombwa akalifafanue swali lake ndani ya lori. Alishuka hana meno ya mbele, na hakufafanua kitu.

Bi Somoe akaapishwa Nahodha wa Taifa, Fundi Chilongani akaapishwa Rubani wa Taifa. Jogoo aliandikishwa kuwa shahidi wa kwanza wa vita vya baharini, akazikwa kwa mizinga ishirini na moja. Baruti ya heshima haikupatikana kwa haraka, wakatumia risasi za kweli, hivyo waombolezaji wawili walizikwa papo hapo pamoja naye, na familia zao zikapongezwa kwa kuwahi. Bi Somoe alikuwa ameomba apewe tu jogoo wake akampike. Aliambiwa mashujaa hawaliwi.

*

Mazoezi yalichukua wiki sita. Pangaboi la plastiki likaondolewa kwa kukosa ukali, likawekwa la chuma, likanolewa na mnoa visu wa jeshi. Mashua zikafungwa roketi sita kila moja. Adui hakuwepo, ikabidi askari wa vyeo vya chini wapeane zamu ya kuwa adui, wakisimama majini hadi kifuani na kupiga kelele za lugha ya kigeni.

Siku ya kwanza koplo mmoja aliacha sikio majini. Siku ya tatu sajini aliacha mkono wa kulia. Kila aliyeumia alikuwa ameshajaza Fomu ya Kuumia kwa Hiari, ambayo hujazwa kabla. Lakini sajini yule aliletewa ya pili, na ilipokaguliwa ikaonekana saini hailingani na ile ya asubuhi. Akafungwa miezi mitatu kwa kughushi. Jioni Bi Somoe alikuwa akiwapikia waliosalia maharage ya nazi, na Admirali mwenyewe alikuwa akipita, anaketi mkekani, anakula sahani mbili, anasifia. Fundi alikuwa akila mihogo yake peke yake ng'ambo ya ukuta, akizisikia sifa hizo.

Mambo yangeendelea hivyo, sikio hapa, kidole pale, lau si ule ukaguzi.

Kila anayecheza na vitu hivi anajua jambo moja: kila rimoti ina wimbi lake. Mashua ya Bi Somoe husikia wimbi la Bi Somoe, helikopta ya Fundi husikia la Fundi. Ukiziweka zote kwenye wimbi moja, kila chombo kitasikia rimoti zote mbili, kama mtumishi wa mabwana wawili, na mwisho wake ni kuvunja vyombo. Admirali alikuwa akipitisha kidole kwenye rimoti, akaona namba mbili tofauti. Akauliza wimbi la pili ni la nani. Akaelezwa kwamba ni la helikopta. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, ni nani aliyeruhusu wimbi la pili katika nchi yenye kiongozi mmoja.

Kesho yake redio ilitangaza Amri ya Wimbi Moja, Taifa Moja. Wenye redio za mbao, wenye kengele za milangoni, hata kiziwi mmoja wa mtaa wa juu mwenye kifaa cha sikioni, wote walitakiwa kuhamia wimbi la taifa. Kiziwi yule tangu siku hiyo alikuwa akisikia hotuba tu.

Hapo tuliona ajabu. Bi Somoe na Fundi Chilongani waliongozana kwenda kwa Admirali, bega kwa bega, wala hawakugombana njiani.

"Mheshimiwa," Fundi alisema, "nikisukuma kijiti helikopta ipande, mashua ya Bi Somoe nayo itaisikia amri hiyohiyo. Bi Somoe akikata kona, helikopta nayo itakata. Tutaua watu."

Admirali alifurahi. Alisema amekuwa akiutafuta mfano mzuri wa umoja, na sasa ameupata. Akamchapa Fundi fimbo mbili kwa niaba ya jeshi la anga na moja kwa niaba ya jeshi la majini, Bi Somoe akachapwa kwa hesabu iliyogeuzwa. Walirudi wakichechemea kwa mguu mmoja, sisi tukapisha njia.

*

Siku ya sikukuu Mtukufu aliketi ukingoni mwa Bahari Kuu chini ya turubai, mawaziri wamemzunguka, bendi ya matarumbeta kushoto, wananchi kulia nyuma ya kamba. Pilau la Taifa lilipita mapema. Mimi nilimeza vijiko viwili, kimoja kwa jina langu na kimoja kwa jina la binamu aliyehama, kwa hiyo mjue kabisa kwamba haya ninayoyasema si ushahidi. Ni maongezi tu.

Karani wa daftari aliwafuata Bi Somoe na Fundi na vijiko vyao. Walikuwa kila mmoja kwenye ukingo wake, rimoti mikononi tangu alfajiri. Admirali akamfukuza karani. Alisema mikono ya majeshi ya taifa haiguswi na mafuta siku ya gwaride. Karani akaondoka, kurasa mbili bila alama.

Ikatolewa amri. Fundi akasukuma kijiti, helikopta ikapanda, na mashua ya gwaride nayo ikachomoka mbio kuelekea turubai. Bi Somoe akaikatisha kona isiwagonge wakubwa, helikopta nayo ikakata kona ileile na kuwaelekea. Fundi akaivuta, mashua ikarudi nyuma. Bi Somoe akaachia vijiti, akainua mikono juu ili kila mtu aone hashiki kitu. Haikusaidia. Ratiba ilikuwa imefika mahali ambapo helikopta inamsalimu Mtukufu kwa taa. Admirali alikuwa amesimama nyuma ya Fundi na bastola, na kwa mdomo wa bastola akamsukuma mgongoni: taa. Fundi akawasha taa. Kwenye wimbi la taifa, taa za helikopta na roketi za mashua zilikuwa kitufe kimoja.

Roketi sita zilikwenda na turubai zima. Waziri wa Afya alikutwa ameketi wima, ratiba mkononi, hana kichwa cha kuisomea. Mawaziri wanne walichanganyika kiasi kwamba walizikwa kama wizara moja. Helikopta, ikiwa haina tena anayeitawala, ilipita katikati ya bendi kuanzia tarumbeta kubwa hadi ngoma, na waliosalia wakaendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametoa amri ya kuacha. Mpiga matoazi alipiga mapigo matatu zaidi bila vidole. Mtukufu alipoteza sikio la kushoto, ambalo kwa kweli hakuwa akilitumia. Ndipo walinzi, kwa kuona wananchi wako hatarini, wakatulinda kwa risasi mfululizo kwa dakika kumi. Tuliokuwa chini ya maiti za wenzetu ndio tuliolindika.

Moshi ulipopungua niliinua shingo. Helikopta, pangaboi limepinda, mafuta yanaisha, ilikuwa inayumba juu ya maji mekundu. Mashua ilikuwa imesimama chini yake. Helikopta ikashuka polepole, ikakaa katikati ya sitaha, ikatulia kama kuku juu ya mayai. Miaka kumi na moja, na siku hiyo ndiyo ikatua. Bi Somoe na Fundi walitazamana kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyepiga makofi. Wenye mikono walikuwa wamelala.

*

Redio ilisema waliofariki ni arobaini na mmoja, wote kwa hiari, na makarani walishinda usiku na mchana wakiwajazia fomu.

Mkosaji alitakiwa. Amri ya Wimbi Moja haikuweza kukosea, kwa kuwa ilikuwa na muhuri. Admirali naye hakuweza kukosea, kwa kuwa kila aliyemwona na bastola mgongoni mwa Fundi alikuwa amekula pilau la serikali. Roketi zilitoka kwenye mashua, na mashua ni ya Bi Somoe. Basi Bi Somoe anyongwe. Lakini serikali yetu, mseme mnavyosema, inaheshimu sheria: hainyongi bila shahidi mmoja.

Makarani walipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango walioubisha walijibiwa kwamba hapa tumekula kwa Bi Somoe, na wengine walianza kutaja na kitoweo. Askari walikuwa wamekula maharage yake. Admirali alikuwa amekula sahani mbili mbili, wiki sita. Katika nchi nzima, ukimtoa Mtukufu, ambaye hasimami mbele ya hakimu, aliyeiona mashua ya Bi Somoe ikifyatua na hakuwahi kuonja chumvi yake alikuwepo mmoja tu. Na mmoja huyo, pamoja na Bi Somoe mwenyewe, ndio pekee ambao karani hakuwatilia alama ya pilau. Admirali hakuwa mjinga katika mambo yanayoihusu shingo yake. Akiwafunga kinywa wote wawili, mmoja kwa kamba na mmoja kwa kijiko, hakuna atakayebaki wa kumsema.

Siku ya nne, asubuhi, alikwenda kwa Fundi Chilongani na sahani iliyofunikwa ya Pilau la Taifa. Akamwambia ale kwanza, taratibu, kisha saa tisa alasiri asimame mahakamani aseme kwamba Bi Somoe alifyatua kwa mkono wake. Fundi alijibu kwamba Bi Somoe alikuwa ameinua mikono juu. Akasema kilichofyatua ni taa, na taa aliiwasha yeye, na aliyemsukuma anamjua. Halafu akasema hana njaa.

Mnajua rubani wa rimoti anarusha na nini? Kidole gumba cha kushoto kinapandisha, cha kulia kinageuza. Vingine vinashikilia tu. Askari wa Admirali walimwekea mikono juu ya meza yake mwenyewe ya kazi na kutumia nyundo yake mwenyewe, baada ya kumjazisha fomu. Kulia kwanza, kisha kushoto. Tulisikia kila pigo kutoka mtaani, na aliyekuwa anakaanga vitumbua aliacha vikaungua. Admirali alisema ulimi ameuacha mzima, kwa sababu saa tisa utahitajika. Akisimama bila kusema, vimebaki vidole vinane.

Akaweka walinzi mlango wa Fundi na mlango wa Bi Somoe, aliyezuiliwa nyumbani kwake mpaka saa ya kesi, wahakikishe mmoja hali kwa mwingine. Ukuta wa katikati haukupewa mlinzi. Katika ramani ya jeshi upande mmoja ulikuwa wa anga na mwingine wa majini, na kamanda wa upande mmoja alikuwa bado anasubiri barua ya kamanda wa upande wa pili.

Saa saba mchana Bi Somoe alichinja mtetea, mjane wa yule jogoo. Alisema akinyongwa hatapatikana wa kumlisha. Nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida. Sisi ambao chumvi yake ilikwisha kutufunga tangu zamani, walinzi walituruhusu, hatukuwa na faida wala hasara kwa mtu. Tulikaa mikekani, wengine tukimnyonyolea mtetea.

Tukasikia kitu kinaparaza ukutani. Fundi Chilongani alikuwa anapanda kwa viwiko. Akafika juu, akaanguka kwetu, palepale kilipoangukia kiwiliwili cha jogoo. Mikono ilikuwa imefungwa kwa shati lake, na shati lilikuwa limelowa.

Bi Somoe alitoka jikoni na mwiko. Hakumwinua.

"Yule jogoo nilimwona," Fundi akasema akiwa chini. "Nilimwona kabla sijashuka. Nilitaka kujua kama nitampita karibu kiasi gani."

"Nilijua."

"Basi ukitaka kushtaki, shahidi ni mimi mwenyewe."

Bi Somoe alilitazama shati lile.

"Na mimi kona nilikuwa nakata makusudi," alisema. "Kila Jumapili. Ungetua siku ya kwanza, Jumapili ya pili ungerudi kufanya nini?"

Nje, mlinzi alimwuliza mwenzake saa, akajibiwa kwamba imebaki saa moja na nusu. Mmoja wetu, sauti haipandi, akamkumbusha Fundi vile vidole vinane: akishaonja hapa hatakuwa na la kusema mahakamani, na Admirali si mtu wa kusamehe. Fundi alisema amevihesabu. Kisha akainua mikono yake miwili iliyofungwa, akatuonyesha, akasema tatizo si hilo. Tatizo ni kwamba hata tonge hataweza kulishika.

Bi Somoe akaweka mwiko kando, akainama, akamshika Fundi chini ya kwapa, akamsimamisha.

"Vua viatu, jirani," alisema. "Karibu ndani ule. Nitakulisha."